Kutoka Pamba hadi Nguo: Ufundishaji wa Sanaa ya Kufuma katika Shule za Mkoa wa Simiyu

Utangulizi

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga, una makao yake makuu mjini Bariadi na ni miongoni mwa mikoa inayotoa pamba nyingi kuliko mingine nchini Tanzania. Mtoto anayekulia katika wilaya zake, yaani Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, huifahamu pamba kabla hajajua kusoma. Anaijua palizi yake, anawajua wadudu wake, na wakati wa mavuno huketi na mama yake akitenga pamba safi na pamba fifi. Baada ya hapo pamba hupelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, hupimwa, huchukuliwa kwenda kwenye kiwanda cha kuchambulia, na mtoto haioni tena. Sehemu kubwa ya pamba nyuzi hufungwa marobota na kusafirishwa nje ya nchi. Shati analovaa mtoto huyo siku ya gulio limetoka dukani au mtumbani, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba vitu hivi viwili, pamba ya shambani na shati la mwilini, ni kitu kimoja.

Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha walimu wenzetu, na hasa wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, jinsi somo la sanaa na stadi za kazi linavyoweza kuliziba pengo hilo. Tutaeleza kwanza historia fupi ya ufumaji katika nchi zetu; kisha tutamtazama msanii mmoja mzaliwa wa Zanzibar anayezitumia kazi za mafundi wa kale kuwa chemchemi ya kazi zake; halafu tutajadili maana ya agizo katika kazi ya fundi; na mwisho tutapendekeza mpango wa vipindi vinane.

Historia fupi ya ufumaji

Wako wanafunzi, na hata walimu, wanaodhani kwamba nguo ililetwa Afrika Mashariki na wageni. Dhana hiyo si sahihi. Katika magofu ya Kilwa wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata vigae vingi vya udongo vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vigae hivyo vilipachikwa kwenye kijiti ili kukipa uzito kilipozungushwa kusokota uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyefika pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa mpaka Misri. Katika karne ya 19 wasafiri waliopita Unyanyembe na Ufipa waliwakuta mafundi wakifuma nguo nzito za pamba kwa vitanda vya mfumi vilivyotandazwa karibu na ardhi. Mafundi hao walikuwa wanaume. Jambo hili mwalimu alikumbuke, kwa sababu kila darasa lina mvulana atakayesema kwamba kufuma ni kazi ya wasichana.

Habari yenye mafunzo makubwa zaidi inatoka Sofala, katika nchi ya Msumbiji ya leo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza kwamba watu wa Sofala walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na ujuzi wa kutia rangi. Kwa hiyo walinunua nguo za buluu na za rangi nyingine kutoka Cambay, Bara Hindi, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na uzi wao mweupe. Fundi huyo hakuikataa nguo ya kigeni, wala hakuivaa ilivyo. Aliivunja ili apate alichokihitaji, akatengeneza nguo yake mwenyewe. Tutairudia habari hii katika mpango wa vipindi.

Ufundi huu ulidhoofika kwa nini? Tangu miaka ya 1830 meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa kilichofumwa kwa mashine, ambacho watu wetu walikiita merikani kutokana na jina la nchi kilikotoka. Misafara ilikipeleka bara, kikawa kama fedha sokoni. Kitambaa hicho kilikuwa imara na kilipatikana kwa wingi. Fundi wa Unyanyembe aliyetumia siku nyingi kwa nguo moja hakuweza kushindana nacho. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, mwaka 1861 hadi 1865, merikani iliadimika Zanzibar, na vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vikachukua nafasi yake. Mashindano yalibaki yale yale kwa upande wa fundi wetu. Aliyebadilika ni muuzaji tu.

Baadaye, katika miaka ya 1960, vilijengwa viwanda vikubwa vya nguo nchini, kama Urafiki, Dar es Salaam, uliojengwa kwa msaada wa China, na Mwatex, Mwanza. Viwanda hivyo vilimrudishia mkulima sehemu ya safari ya pamba yake. Hata hivyo, vilifuma kwa mashine, na ujuzi wa mkono haukurudi nyumbani kwa mkulima.

Lubaina Himid: msanii na mafundi waliomtangulia

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954 na akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mchanga. Mama yake alikuwa mbunifu wa michoro ya nguo, hivyo binti alikua katikati ya vitambaa. Alisomea usanifu wa majukwaa ya michezo ya kuigiza, na kwa miaka mingi alikuwa profesa wa sanaa katika chuo kikuu kilichoitwa Central Lancashire, mjini Preston. Mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Turner, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata.

Himid ni mchoraji kuliko mfumaji, lakini kazi zake nyingi zimejengwa juu ya nguo. Amechora picha zenye umbo la kanga, zikiwa na pindo, mji na maneno, kama kanga ya doti inavyotakiwa kuwa. Mwaka 2002 alionyesha mjini Manchester kazi aliyoiita Cotton.com, mkusanyiko wa michoro midogo mingi ya rangi nyeusi na nyeupe iliyofanana na vipande vya nguo. Kazi hiyo inawakumbuka wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire pamoja na watumwa Waafrika waliolima pamba hiyo kusini mwa Marekani. Watu hao hawakuonana kamwe. Hata hivyo, katika vita tulivyovitaja, wafanyakazi wengi wa Manchester waliunga mkono kuzuiwa kwa pamba ya watumwa, ingawa kwa kukosekana kwake wao wenyewe walikosa kazi na chakula. Mwalimu wa Bariadi aone hapa jambo la kushangaza: vita hivyo hivyo vilivyozima mashine za Manchester ndivyo vilivyoondoa merikani katika maduka ya Zanzibar. Historia, jiografia na sanaa hukutana katika uzi mmoja.

Mwaka 2021 Himid alipata agizo kutoka tamasha la nguo la British Textile Biennial, linalofanyika Lancashire kila baada ya miaka miwili. Alitengeneza kazi iitwayo Lost Threads kwa ajili ya ghala kuu la kale katika makazi ya Gawthorpe. Alichukua mita 400 za vitenge vyenye nakshi, akavitandaza na kuvining'iniza ghalani vitiririke kama mito na bahari zilizobeba pamba, nguo na watu waliouzwa. Mwaka 2024 kazi hiyo ilionyeshwa pia Bath.

Gawthorpe yenyewe ni somo. Katika nyumba hiyo Rachel Kay-Shuttleworth, aliyeishi kuanzia mwaka 1886 hadi 1967, alikusanya maelfu ya vitambaa, tarizi na kazi nyingine za mikono. Hakuzikusanya kwa fahari ya kumiliki. Alitaka wanaojifunza wavitazame kwa karibu na kuelewa jinsi vilivyotengenezwa. Shule ya Itilima au Meatu haina uwezo wa kujenga nyumba kama hiyo, lakini sanduku moja la mbao lenye vipande 30 vya vitambaa, kila kimoja kikiwa na karatasi ya maelezo, linaweza kufanya kazi ile ile. Walio na nafasi ya safari ya kimasomo waende pia Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, karibu na Kisesa, wakavione vifaa vya kazi vya wazee wetu.

Agizo na uhuru wa fundi

Yafaa sasa tuulize: je, fundi anayefanya kazi ya kuagizwa ni msanii, au ni kibarua wa anayemlipa? Swali hili si la wasomi peke yao. Linagusa kila shule ambayo imewahi kuwaambia wanafunzi wasuke mikeka ya ofisi.

Kanga hutupa mfano mzuri. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa waliagiza kanga kwa wapigachapa wa ng'ambo, wakiwemo wa Helmond nchini Uholanzi. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilianza Mombasa mwaka 1887, alijulikana sana kwa alama ya "Mali ya Abdulla" iliyochapwa kwenye kanga zake. Mfanyabiashara alidhani kwamba yeye ndiye mwagizaji. Kwa hakika waagizaji walikuwa wanawake wa mitaani, kwa sababu nakshi waliyoikataa ilibaki dukani ikamtia hasara. Agizo jema, basi, hutoka kwa mtu atakayeitumia kazi na anayejua anachokitaka.

Kuna pia agizo baya. Baada ya kutangazwa kwa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shabaha ilikuwa kazi ya mikono iwe sehemu ya kujifunza. Katika shule nyingi shabaha hiyo ilifuatwa kwa uaminifu. Katika nyingine shamba la pamba la shule liligeuka kuwa jasho bila somo. Mwanafunzi alilima, pamba ikauzwa, naye hakuonyeshwa hesabu wala hakuulizwa swali. Tukimpa mwanafunzi agizo la kufuma kwa namna hiyo tutakuwa tumerudia kosa lile lile ndani ya chumba cha darasa.

Kwa hiyo tunapendekeza kanuni nne za agizo la shuleni. Kwanza, mwagizaji aeleze haja yake, asieleze umbo. Aseme, "Nahitaji kitu cha kuwekea chungu cha moto," na aache ukubwa, nakshi na rangi vizungumzwe. Pili, wanafunzi wamhoji mwagizaji kabla ya kuanza kazi. Tatu, malipo, kama yapo, yajulikane tangu mwanzo na hesabu isomwe mbele ya darasa. Nne, majina ya waliofanya kazi yaandikwe na kukabidhiwa pamoja na kazi.

Mpango wa vipindi vinane

Mpango huu umekusudiwa kwa wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, wakiwa katika makundi ya watano. Kila kipindi ni cha dakika 40. Wakati unaofaa ni baada ya mavuno, pamba mpya inapopatikana.

Kipindi cha kwanza: Kutazama nguo. Kila kundi lije na kipande cha kanga kuukuu, cha gunia na cha mkeka. Wavute uzi mmoja kwenye ukingo wa kitambaa, kisha mwingine unaoukingama. Mwalimu awape majina: nyuzi zilizotandikwa kwanza ni mtande, na zinazopita juu na chini yake ni mshindio. Waulizwe: je, mkeka una mtande na mshindio? Na kikapu kilichosukwa kwa kuzungusha nyasi kinatofautiana nao vipi?

Kipindi cha pili: Kuchambua. Kila kundi lipewe gramu 90 za pamba mbegu. Walichambue fungu lao kwa vidole na kupima nyuzi na mbegu mbali mbali. Watagundua kwamba nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito, yaani takriban gramu 30, na hesabu ya uwiano itakuwa imefundishwa bila ubao. Pamba itolewe kwa ridhaa ya wazazi, iwe safi na kavu, na chombo chochote kilichowahi kuwekwa dawa ya wadudu kisiingie darasani.

Kipindi cha tatu: Kusokota. Kijiti laini cha urefu wa sentimita 25 kipachikwe kigae chepesi cha udongo au kipande cha kibuyu chenye tundu, kama walivyofanya mafundi wa Kilwa. Nyuzi za pamba ni fupi, hivyo kigae kizito kikiachwa kining'inie kitakata uzi. Ncha ya chini ya kijiti iegemezwe ndani ya bakuli, mkono mmoja uzungushe, na mwingine uvute pamba taratibu. Uzi wa kwanza utakuwa na vinundu. Mwalimu asicheke wala asiutupe.

Kipindi cha nne: Kupokea agizo. Mwagizaji aalikwe darasani: bibi wa kijijini, muuguzi wa zahanati au mtunza maktaba. Kila kundi liulize maswali yasiyopungua matano: kitu kitatumika wapi, kitafuliwa mara ngapi, kinahitajika lini, kina ukubwa gani, na rangi zipi hazimpendezi. Majibu yaandikwe katika daftari la maagizo.

Kipindi cha tano: Somo la Sofala. Mwalimu asimulie habari ya mafundi wa Sofala. Kisha kila kundi lifumue sweta kuukuu au kitambaa cha rangi na kukunja nyuzi zake. Sasa wanao uzi mweupe wa Bariadi na uzi wa rangi uliotoka mbali. Wachore nakshi kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukiwakilisha uzi mmoja. Mwalimu asichore mfano ubaoni, maana mfano wa mwalimu utanakiliwa na makundi yote.

Kipindi cha sita na cha saba: Kufuma. Fremu ya mbao yenye upana wa sentimita 30 na urefu wa 40 ipigiliwe misumari kila baada ya nusu sentimita juu na chini. Mtande uwe wa uzi uliokunjwa mara mbili na kuchovywa katika uji mwepesi wa wanga wa muhogo, kisha ukaushwe. Wanga huzuia uzi usikwanguke na kukatika. Mshindio upitishwe kwa kijiti na kushindiliwa kwa kitana. Kosa la kawaida ni kuvuta mshindio kwa nguvu hadi kingo za kitambaa zikajikunja kwa ndani. Dawa yake ni kuupitisha uzi ukiwa umepinda kama upinde kabla ya kuushindilia. Iwapo kazi haikumalizika, iendelezwe katika saa za shughuli za mikono.

Kipindi cha nane: Kukabidhi na kutathmini. Mwagizaji arudi, aipokee kazi, na aseme mbele ya wote kama inafaa. Kundi lieleze liliamua nini na kwa nini. Sampuli ndogo ya kila kazi iwekwe katika sanduku la vitambaa la shule.

Matatizo na ufumbuzi wake

Tatizo la kwanza ni wingi wa wanafunzi. Darasa la wanafunzi 80 litakuwa na makundi 16, na fremu 16 hazipatikani kirahisi. Makundi yapeane zamu: nusu wafume, nusu wasokote na kufumua.

Tatizo la pili ni malalamiko ya baadhi ya wazazi kwamba mtoto alipelekwa shule kusoma, si kusokota pamba ambayo ameichuma nyumbani siku nzima. Malalamiko haya yana haki yake na yasipuuzwe. Mwalimu awaonyeshe wazazi daftari la hesabu za uwiano, maelezo yaliyoandikwa na watoto, na ramani ya safari ya pamba. Asipokuwa na vitu hivyo vya kuwaonyesha, basi mzazi amesema kweli.

Tatizo la tatu ni tamaa ya kuigeuza kazi hii kuwa mradi wa mapato. Hatuna budi kusema ukweli: kitambaa cha mkono chenye upana wa sentimita 30 hakiwezi kushindana kwa bei na kitambaa cha mashine, kama vile nguo ya Unyanyembe isivyoweza kushindana na merikani. Mahali ambapo fundi wa mkono bado ana nafasi ni pale mtu anapohitaji kitu kisichopatikana dukani na akaja kumwagiza. Ndiyo maana tumeliweka agizo katikati ya mpango huu. Mwanafunzi anayeweza kumsikiliza mwagizaji, kupima haja yake na kuitafutia umbo amepata ujuzi utakaomfaa hata akiwa seremala, mshonaji au mjenzi.

Hitimisho

Tunapendekeza wanachuo wanaokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Bariadi na wilaya jirani waujaribu mpango huu kwa darasa moja kwanza. Waandike kila kundi lilitumia pamba kiasi gani, uzi ulikatika mara ngapi, mwagizaji alisema nini, na mwanafunzi yupi, ambaye hanyoshi mkono katika masomo mengine, aliyeonekana kuwa na mkono mwepesi katika kusokota. Taarifa hizo zihifadhiwe chuoni pamoja na sampuli za vitambaa, ili mwanachuo wa mwaka unaofuata aanzie pale mwenzake alipofika.